Waraka Uliorudi kwa Miguu

Kila Jumatatu saa moja asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, Mangeni alikata karatasi. Serikali ilileta vidonge ndani ya makopo makubwa lakini haikuleta kitu cha kuvifungia, na mgonjwa wa kijiji cha Mella hawezi kutembea maili nne na aspirini sita mkononi, jasho litaziyeyusha zote njiani. Kwa hiyo Mangeni, dresa wa dispensari ya Apokor, mfunga vidonda tu kwa cheo, alikata chochote alichokipata: magazeti ya zamani, madaftari ya shule, ratiba za treni, kalenda ya mwaka uliokwisha. Na alikuwa fundi, tusimnyime haki yake. Alikunja kikaratasi mara nne, akachomeka ncha ndani, na vidonge havikudondoka hata mwenyewe akikimbizwa na fahali. Watu wa pande hizo walimwita dakitari, naye hakuwahi kuwasahihisha.

Waraka ulikuja Februari ya mwaka 1961, ndani ya bahasha ya kaki. Ulikuwa karatasi moja pana, nzito, imepigwa chapa kwa Kiingereza upande mmoja, na katikati pana picha ya mtoto aliyevimba taya. Kiingereza cha Mangeni kilimtosha kuuelewa. Mtoto yeyote ambaye jino lake linacheza kabla ya wakati wake na taya inaanza kuvimba, ulisema waraka, asing'olewe jino, asingojeshwe hata siku moja, apelekwe hospitali kubwa ya Kampala siku hiyohiyo. Kuna dawa mpya ya sindano. Wanaofika mapema, wengi wanapona.

Mangeni aliusoma mara moja, akaguna. Siku hiyohiyo kwa kitu gani? Dispensari ilipewa waranti mbili za safari kwa mwezi, hati za nauli ya serikali, mbili tu, na bila namba ya waranti barua ya dresa ilirudishwa pale mlangoni Kampala pamoja na huyo aliyeishika. Wakubwa wa afya waliandika "siku hiyohiyo" wakiwa na gari nje, dereva anangoja. Akaubana waraka chini ya kopo la kwinini, akaenda kusafisha kidonda cha mtu. Baada ya Pasaka karatasi zikamwishia kabisa, na waraka ulikuwa pale, mzito, safi. Akaukata vipande kumi na vitano vilivyo sawa.

Jumatatu ya tarehe kumi Aprili, Alupo wa Mella alimleta binti yake Akiteng, mtoto wa miaka saba. Mangeni alikuwa Msamia wa upande wa Busia na Kiteso chake kilikuwa cha salamu tu, Alupo hakujua Kisamia hata neno, basi waliongea kile Kiswahili cha mpakani ambacho kila mtu anakikata apendavyo.

"Dakitari, hii mtoto jino yake nacheza. Nashindwa kula."

"Jino la utoto hilo, mama. Linapisha lingine."

"Lakini ni ya nyuma. Na ya pili yake pia nacheza."

Mangeni alimwambia mtoto afungue mdomo. Jino linalocheza ni la kung'oa. Hivyo ndivyo alivyojua mama yake Mangeni kule Busia, na ndivyo alivyojua mama yake Alupo huku Mella, na hakuna aliyewahi kuwauliza nani kawaambia. Alichukua koleo. Meno mawili yalitoka bila nguvu yoyote, kama kuchomoa nyuzi kwenye muhogo uliokwisha kuiva. Mkono wake ulishangaa kidogo, maana mkono wa mtu aliyeng'oa meno miaka kumi na moja unajua jino linavyotakiwa kung'ang'ania. Yeye mwenyewe hakushangaa. Alifurahi kwamba mtoto hakulia.

"Wewe ni askari," alimwambia.

Akiteng aliyaomba meno yake akayatupe juu ya paa la nyumbani, akapewa. Mama akapewa aspirini sita kwenye kikaratasi, akaambiwa arudi Jumatatu. Walipotoka, Mangeni alimwita aliyefuata.

Jumatatu iliyofuata shavu la mtoto lilikuwa limejaa upande mmoja na jicho limeanza kusukumwa juu. Alupo hakusema habari ya shavu. Aliingiza mkono kifuani, akatoa kile kikaratasi cha aspirini, akakikunjua mezani na kukilainisha kwa kiganja. Katikati yake ilikuwa picha, nzima, mkasi haukuigusa hata sikio.

"Dakitari, hii mtoto nafanana na yangu."

Mangeni aliitazama picha, akamtazama Akiteng, akairudia picha.

"Hapa chini imeandikwa nini?" Alupo aliuliza. "Mimi sijui kusoma. Huyu alipewa dawa gani?"

Chini ya picha yalibaki maneno matatu ya Kiingereza, na maana yake ni "asingojeshwe hata". Mangeni aliyasoma vizuri sana. Alijua pia kwamba waranti zote mbili za Aprili zilikwisha toka. Moja alipewa mzee mwenye ngiri. Nyingine alipewa mke wa Osire, yule karani wa gombolola, yaani tarafa, aende kupimwa miwani, na Mangeni aliitoa akicheka na kuulizia hali ya watoto, kwa sababu Osire ndiye aliyepitisha majina ya watumishi kila mwaka. Sasa aseme nini? Aseme nilikuwa na maneno haya tangu Februari nikayakata nikafungia vidonge? Aseme jino halikutakiwa kung'olewa, na nimeng'oa mawili?

"Hiyo ni karatasi ya kufungia tu, mama Akiteng," alisema. "Haina kitu. Njoo tarehe mosi, nitakuandikia barua ya Kampala."

"Tarehe mosi ni mbali?"

"Si mbali."

Alupo alikikunja kikaratasi kwa mikunjo yake ileile, akakirudisha kifuani. Alimshukuru. Hilo la kumshukuru ndilo alilokaa nalo Mangeni siku nzima, chai yake ikapoa mezani.

Tarehe mosi Mei aliandika barua. Aliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko zote alizowahi kuandika, akaweka namba ya waranti na muhuri, na akawasindikiza mwenyewe mpaka barabarani walikopandia basi. Mtoto alikuwa amefunikwa uso kwa leso ili abiria wasimkodolee macho. Siku kumi na moja baadaye walirudi. Kampala walimwambia Alupo kwamba ugonjwa umekwisha shuka tumboni, na kwamba wangemwona mwanzoni mwa Aprili wangempiga zile sindano. Walimwambia kwa upole kabisa. Walimuuliza pia alikuwa wapi siku zote hizo, naye akajibu, nilikuwa kwa dakitari.

Mtoto wa kiume wa karani Osire alikuwa ameugua taya hiyohiyo mwezi wa Machi. Yeye hakupitia Apokor hata kidogo. Baba yake alimpakia kwenye gari la Sowedi, mfanyabiashara wa Tororo aliyekuwa na vani ya kupelekea pamba, wakafika Kampala usiku uleule, na mlangoni hakuna aliyemwuliza karani namba. Mwezi wa Mei alikuwa uwanjani anapiga mpira, shavu limebaki na kovu dogo tu.

Akiteng alikufa Alhamisi moja, saa sita mchana, tarehe ishirini na tano. Mangeni alituma salamu kwamba hataweza kufika mazikoni, ana wagonjwa wengi. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Alikaa kwenye benchi la nje, peke yake, akakaa hapo mpaka jua likageuka.

Jumatatu iliyofuata, kwenye saa nne asubuhi, kipande cha kwanza cha waraka kilirudi.

Kilikuja na njia ya Mella, katikati ya mapito ya ng'ombe, kikijikunja na kujikunjua kama kiwavi. Hakikuwa na haraka. Kilipofika kwenye benchi, waliokaa waliinua miguu kikapita. Kilipanda ngazi mbili, kikapumzika kidogo kizingitini, kisha kikapanda mguu wa meza na kulala juu yake, maandishi juu. Nyuma yake alikuja mzee Omaido na fimbo yake, anahema.

"Dakitari, karatasi yako imetoka kwangu tangu alfajiri," alisema. "Nilikuwa nimeiwekea tumbaku. Ikamwaga tumbaku, ikatoka."

"Pole, mzee."

"Si neno. Nimekuja kuona kama imefika. Mbwa wa pale kwa Ekwaro ni wabaya."

"Imefika, mzee."

"Basi, vizuri." Omaido akakaa kwenye benchi, na kwa kuwa alikuwa hapo, akaomba dawa ya mgongo.

Vya Mella viliingia wiki ile, vyote ila kimoja. Cha Kisoko kilichukua siku mbili, maana ni mbali. Cha Nagongera kilifika Alhamisi, baada ya gulio, kimejaa vumbi na alama ya gurudumu la baiskeli katikati, mtu hakukiona. Viwili vilikuwa vimevuka mpaka mwezi wa Aprili ndani ya mikoba ya wanawake wa Busia, na hivyo vilirudi kwa daraja la mpakani, mchana kweupe. Askari wa darajani walivitazama wakavipisha. Karatasi hailipi kodi ya kichwa, na wao walikuwa wanatafuta risiti za kodi. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma ya vipande hivyo na mtoto mgonjwa mgongoni ndiye aliyesimamishwa, akaulizwa anatoka wapi na anakwenda kwa nani.

Kila kipande kilichofika kilikwenda mahali pake. Kingo ziligusana, zikashikana, na ukipitisha kidole husikii kiungo. Mangeni hakuvigusa. Alihamishia kazi zake kwenye meza ndogo ya sindano, akaendelea kuosha vidonda. Lakini usidhani alikuwa ametulia. Kila kipande kilipopanda ule mguu wa meza alisikia mlio wake, kwaru, kwaru, akageuka kama mwizi anayesikia jina lake. Karatasi zilikuwa zimetembea maili nane, kumi, kumi na mbili, hazina waranti, hazina barua, zimefika. Mtoto alikaa maili nne tu kutoka hapa na hakufika popote. Hiyo hesabu aliifanya kila siku, na kila siku ilimpa jibu lilelile.

Ijumaa ya wiki ya pili vilikuwa kumi na vinne. Pale katikati, mahali pa picha, palikuwa na tundu la mraba na mbao za meza zikionekana.

Habari ilienea, na watu walikuja kuuona waraka kama wanavyokuja kuona ndama aliyezaliwa. Waliojua Kiingereza waliwasomea wasiojua. Mangeni alisikia sauti za watu kwenye meza yake, siku baada ya siku, zikitamka asing'olewe jino, asingojeshwe. Hakuna aliyemgeukia akamuuliza, wewe ulikuwa na hii tangu lini? Pengine adabu. Angeshukuru wangemuuliza. Mara mbili alifungua mdomo aseme mwenyewe, na mara zote mbili akasema aliyefuata aingie.

Katikati ya Juni alikuja Mzungu wa afya kutoka Tororo, kukagua vyoo. Aliuona waraka mezani, akainama, akausoma mpaka mwisho.

"Vizuri sana, dresa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri tu. "Kwingine kote nimekuta wameutupa. Wewe umeutunza."

Mangeni alihisi masikio yanawaka moto.

"Umerudi wenyewe, bwana," alisema.

"Naona. Na hiki kipande cha katikati?"

"Kiko kwa mama mmoja."

"Kitafute." Mzungu aliandika kitu kwenye kitabu chake. Mangeni alisimama wima, mikono nyuma, akasema lile moja alilokuwa na ujasiri nalo.

"Bwana, waranti mbili hazitoshi. Sasa kila mama anakuja na mtoto mapema, kwa sababu ya hii karatasi."

"Hilo ni jambo jema."

"Ndiyo, bwana. Lakini mbili."

"Omba kwa maandishi," alisema Mzungu, akaenda kuangalia vyoo.

Mangeni aliomba kwa maandishi, akaomba tena. Jibu lilikuja mwanzoni mwa Julai: idadi ya waranti ilikwisha pangwa kwa kufuata hesabu ya watu, na kwa mujibu wa hesabu hiyo Apokor ina nyumba arobaini. Apokor ilikuwa na nyumba arobaini wakati Mangeni hajaota ndevu.

Lakini tuseme ukweli, mtu huyu alikuwa amebadilika. Waranti za Juni alizitoa zote mbili kwa watoto wenye taya, na mmoja wao alirudi mzima, anakula mahindi ya kuchoma kwa meno ya upande mmoja. Mke wa Osire alikuja tena kwa ajili ya miwani, akaambiwa hakuna, na Mangeni hakuulizia hali ya mtu yeyote. Za Julai zilitoka tarehe tatu asubuhi, kabla ya saa tatu, kwa watoto wawili, mmoja kutoka Kisoko na mwingine wa hapohapo. Alipiga muhuri wa pili, akafunga kitabu, akadhani kwa mara ya kwanza tangu Mei kwamba leo atalala.

Tarehe kumi Julai, Jumatatu, Alupo aliingia.

Alikuwa amekonda, amevaa kitambaa cheusi kichwani, na mkononi ameshika mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Hakukaa kwenye benchi. Wanawake waliokuwa wanangoja walimpisha wote. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza, akatazama waraka, akatazama lile tundu.

"Nimesikia zako zote zimerudi," alisema. "Yangu haikutembea. Kila siku naangalia, nalala tu. Nimeona heri nilete."

Akaitoa kifuani, akaikunjua na kuiweka mahali pake. Kingo zikashikana. Mtoto wa pichani akawa amelala pale na shavu lake, maneno yote yamezunguka kichwa chake, waraka mzima kama ulivyotoka kwenye bahasha.

Mangeni hakuwa na mahali pa kuangalia.

"Mama Akiteng," alisema. "Uliniuliza imeandikwa nini."

"Sasa najua. Watu wamenisomea."

"Nilikuwa nayo kabla hujaja. Ilikuja Februari. Nilisoma, nikaelewa, nikaikata kwa mkono wangu. Ulipoileta hapa nilikudanganya. Na jino... imekatazwa kung'oa. Niling'oa mawili."

Alupo alimtazama bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana hasira angejua pa kuiweka.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza, angepona?"

"Wengi wanaofika mapema wanapona."

"Nauliza yangu."

"Nafikiri angepona," Mangeni alisema. Alilia pale mbele ya wagonjwa, dresa mzima na koti lake jeupe, kamasi zinamtoka. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Alupo alingoja amalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue ndipo aendelee na safari. Kisha akamvuta mbele yule mtoto.

"Huyu ni Okanya, wa dada yangu Acen. Jana alikuwa nakula, jino ikacheza. Ya nyuma. Sikungoja, sikukubali mtu aguse. Nimetoka nyumbani bado giza."

Mangeni alijifuta uso kwa mkono wa koti. Alimwinamisha mtoto kichwa kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole taratibu juu ya ufizi, bila koleo. Shavu lilikuwa halijavimba. Kulikuwa na ugumu mdogo tu, kama punje ya haragwe, mtu asiyejua asingeusikia. Hakuna mtoto aliyewahi kuletwa kwake mapema namna hiyo.

"Umefanya vizuri sana, mama," alisema. "Umefanya kila kitu sawa."

"Basi andika."

Mangeni hakuchukua kalamu.

"Dakitari. Andika."

"Waranti zimekwisha, mama Akiteng. Nimewapa watoto. Wote wawili wa taya, nakuapia, hakuna mkubwa aliyechukua. Nikiandika barua bila namba watamrudisha mlangoni."

"Mpaka lini?"

"Tarehe mosi Agosti."

Alupo alikaa kwenye benchi, akampakata Okanya. Okanya alikuwa anasukuma jino kwa ulimi, linakwenda na kurudi, na alionekana kulifurahia.

"Ile yangu," Alupo aliuliza, "tangu siku ya kwanza nimekuja mpaka barua, nilingoja siku ngapi?"

Mangeni hakuhitaji kuhesabu.

"Ishirini na moja."

"Na huyu?"

Hii aliihesabu kwa vidole, polepole, akatumaini amekosea, akairudia.

"Ishirini na mbili," alisema.